Shekhar Mehta na Magari Mawili ya Fahari

Ukitoka Nairobi kwa gari kuelekea kaskazini utapita Karatina, Nanyuki na Timau, na muda wote huo utakuwa katika nchi ya baridi, nchi ya ngano na kondoo. Kisha barabara huanza kuteremka. Hewa huwa nzito na moto, majani hugeuka rangi, migunga hushika pahali pa miti mirefu, na mbele yako hufunguka uwanda usio na ukingo. Hapo ndipo Isiolo. Ni mji wa Waborana, Wasomali, Wameru, Wasamburu na Waturkana, mji wa misikiti na ngamia, ambao zama za Waingereza ulikuwa mlango wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Kizuizi kilisimama barabarani, na asiye na ruhusa hakupita. Kwa miaka mingi baada ya uhuru lami nayo ilikoma papo hapo, kana kwamba imeambiwa isivuke. Kutoka Isiolo hadi Moyale, mwendo wa kilomita zipatazo 500, ilikuwa ni vumbi, mawe meusi na makorongo, na lami haikukamilika mpaka katikati ya miaka ya 2010.

Twaanzia Isiolo kwa sababu mtu tunayetaka kumtaja hawezi kueleweka bila ya barabara za namna hii. Mtu huyo ni marehemu Shekhar Mehta, dereva aliyeshinda mashindano ya magari ya Safari mara tano. Na pamoja naye tutayataja magari mawili ya fahari kutoka Ulaya, Porsche na Mercedes, yaliyoletwa Kenya kwa gharama kubwa, yakaendeshwa na madereva waliosifika duniani kote, na yote mawili yakarudi kwao bila ya ushindi. Vijana wengi wanayajua magari hayo kwa picha za ukutani. Mehta wamemsahau, au wanamjua kwa jina tu.

Alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Kihindi yenye mashamba na mali nyingi. Kwa hivyo tusimpambe kwa hadithi ya ufukara. Hakutoka chini ya gari na spana mkononi kama marehemu Joginder Singh, Singasinga wa Kericho aliyejifunza kazi katika gereji ya baba yake. Mehta alikuwa kijana wa nyumba kubwa aliyependa mwendo wa kasi, na gari lake la kwanza la mashindano lilikuwa BMW, alipokuwa na umri wa miaka 21 hivi. Wako vijana wengi wa matajiri walioanza hivyo na wakaishia mtaroni. Tofauti yake ilikuwa kwamba alijifunza mapema kitu ambacho mali hainunui, nacho ni subira ya kuendesha polepole pale panapotaka polepole.

Mwaka wa 1971 alishika nafasi ya pili katika Safari, nyuma ya Edgar Herrmann, wote wawili wakiendesha Datsun 240Z. Alikuwa na miaka 25, na yeyote aliyefuata mashindano yale aliona kwamba ushindi wake ni suala la wakati. Lakini mwaka huohuo, mwezi wa Januari, Idi Amin alikuwa amekwisha kutwaa serikali ya Uganda, na mwezi wa Agosti 1972 akatoa amri kwamba Wahindi waondoke nchini katika muda wa siku 90. Watu wa pwani hawahitaji kusimuliwa sana habari za watu kuhama na masanduku mawili matatu na kuacha duka, nyumba na makaburi ya wazee wao nyuma. Baadhi ya waliohama walipita Mombasa kungoja meli. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa waliopoteza, nao wakakimbilia Kenya. Dereva aliyekuwa akiitwa wa Uganda akajikuta hana Uganda.

Miezi michache tu baadaye, Pasaka ya 1973, alisimama tena kwenye mstari wa kuanzia.

Hapa yafaa tueleze Safari yenyewe ilikuwa kitu gani, kwani mashindano yanayofanyika Naivasha tangu Kenya iliporejeshewa nafasi yake mwaka 2021 ni mambo mengine kabisa. Safari ilianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikwenda kilomita maelfu kwa siku nne au tano, mchana na usiku, katika barabara za kawaida zisizofungwa. Dereva aliweza kukuta ng'ombe, basi, mkokoteni au harusi njiani. Kila gari lilipewa muda wa kufika kituo hadi kituo, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa pointi moja ya adhabu. Muda wenyewe mara nyingi ulikuwa mfupi hata hakuna binadamu angeweza kuufikia. Kwa hivyo aliyeshinda ni yule aliyechelewa kidogo kuliko wenzake. Tena mashindano yaliwekwa makusudi wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapoanza. Mwaka wa 1963 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza, na mwaka wa 1968 yakawa saba tena.

Njia ilibadilishwa kila mwaka. Ilikuwako safari ya kushuka Mombasa, kupitia nyika ya Taru na vilima vya Taita, na watu wa Mombasa walikesha kuyangojea magari yakiingia mjini yamevaa matope ya nchi nzima. Na ilikuwako safari ya kuuzunguka Mlima Kenya, upande wa Meru na Embu, ambako udongo mwekundu ukinyeshewa huteleza kama sabuni, ilhali ukiteremka kidogo tu upande wa Isiolo na Samburu unakuta ukame, jua kali na mawe yenye makali. Hiyo ndiyo iliyokuwa hila ya Safari. Gari lililotengenezwa kwa matope liliumizwa na mawe, na lililotengenezwa kwa mawe lilizama matopeni, na yote hayo yaliweza kutokea baina ya alfajiri na adhuhuri ya siku moja.

Turejee 1973. Mehta, akiwa na mwelekezi wake Lofty Drews, aliendesha Datsun 240Z. Mashindano yalipokwisha, yeye na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa katika Datsun nyingine ya 1800 SSS, walikuwa wana pointi sawasawa za adhabu: 406 kwa 406. Fikiri, msomaji, baada ya siku za kutolala na maelfu ya kilomita, watu wawili wanachelewa kwa jumla ya saa sita na dakika 46 kila mmoja, wala haikosi hata dakika moja. Waamuzi wakafungua kanuni. Kanuni ilisema kwamba wakilingana, ushindi ni wa yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza, na huyo alikuwa Mehta. Wapo waliosema alishinda kwa kalamu. Sisi twaona kinyume chake: kanuni ile ilimpa ushindi mtu aliyeanza kwa uangalifu, na uangalifu ndio uliokuwa alama yake mpaka mwisho. Mwaka ule ulikuwa pia wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mashindano ya namna hii, kwa hivyo mkimbizi wa mwaka uliopita aliandikwa katika daftari la dunia akiwa mshindi wa Safari.

Baada ya hapo ikaja miaka mitano ya kungoja. Joginder alishinda 1974 na tena 1976 katika Mitsubishi Lancer, Ove Andersson wa Sweden akashinda 1975 katika Peugeot 504, na Björn Waldegård, Msweden pia, akashinda 1977 katika Ford Escort. Zamani ilidhaniwa kwamba mgeni hawezi kushinda Safari. Dhana hiyo ilivunjwa na Hannu Mikkola wa Finland mwaka 1972, na tangu hapo wageni walikuja na fedha, mafundi na ndege za kuwafuata angani. Safari yenyewe nayo ilikuwa imepungua. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa ya Kenya peke yake, Uganda na Tanzania zimekwisha kutoka katika njia yake.

Na hapo ndipo yalipokuja yale magari mawili.

La kwanza ni Porsche 911 SC, lililoletwa Pasaka ya 1978. Umbo la 911 lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963, na tangu siku hiyo halikubadilika sana, kwani hata leo mtu aliyeliona moja mwaka huo angelitambua. Ni gari fupi, la mgongo wa mviringo kama wa kobe, na jambo lake la ajabu ni kwamba injini iko nyuma kabisa, nyuma hata ya ekseli. Injini hiyo ya lita tatu ina silinda sita zilizolala, tatu kulia na tatu kushoto, nayo hupozwa kwa upepo tu. Halina rejeta. Kwa barabara za Kenya hiyo ilikuwa neema, maana rejeta ndiyo kitu cha kwanza kutobolewa na jiwe au kuzibwa na matope. Faida ya pili ni uzito. Kwa vile injini inakalia magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayosukuma, gari hushika ardhi hata penye utelezi, ambapo gari la kawaida huzungusha magurudumu bure. Lile la dukani lilikuwa na uzito wa kilo 1,160 hivi na nguvu farasi 180. Kwa ajili ya Safari walilinyanyua, tumbo lake likawa juu ya ardhi kwa sentimita 28.

Lakini kila dawa ina uchungu wake. Gari lenye mzigo nyuma likikata kona kwa kasi, mkia hutaka kwenda mbele. Mwenye kulijua huutumia mkia huo kama nahodha anavyotumia usukani wa jahazi, na asiyelijua hujikuta anatazama alikotoka. Na mzigo huo huo ndio unaozipiga springi na mikono ya magurudumu ya nyuma kila gari linaporuka na kutua. Kwenye barabara laini halina taabu. Kwenye mawe ya upande wa Isiolo, kilomita baada ya kilomita, ni kama kumwambia mtu mmoja abebe gunia la wenzake wote.

Porsche walikuwa wamekwisha kuonja. Mwaka 1974 Waldegård alimaliza wa pili katika 911, nyuma ya Joginder. Mwaka 1978 walikuja na magari mawili, moja la Waldegård na moja la Vic Preston Mdogo, mwana wa Nairobi ambaye baba yake pia alikuwa bingwa wa Safari. Mwaka ule mvua ilikuwa nyingi. Waldegård aliongoza, kisha gari likamharibikia chini, akamaliza wa nne. Preston alimaliza wa pili. Ushindi ulikwenda kwa Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa katika Peugeot 504 ya milango miwili yenye injini ya V6, nayo pia ni gari la fahari kwa umbo lake, lililochorwa Italia na Pininfarina. Tunalitaja hili kwa uadilifu, asije mtu akasema kwamba tunahubiri kuwa magari mazuri hayafai. Lakini ile Peugeot ilikuwa ndugu wa 504 ya kawaida, ile iliyobeba abiria na miraa kila pembe ya Kenya, na chini yake palikuwa na mifupa iliyokwisha kuijua nchi.

Gari la pili ni Mercedes 450 SLC, lililoletwa Pasaka ya 1979. Hapa tunaingia katika nyumba nyingine kabisa. Kama Porsche ni mtepe mwepesi, huyu ni jahazi la kwenda Uarabuni na kurudi. SLC lilitengenezwa kwa watu wa kusafiri mbali kwa raha, mathalan kutoka Stuttgart hadi pwani ya Ufaransa kwa siku moja, watu wanne ndani na mizigo yao kwenye buti, kiyoyozi kinavuma na redio inaimba. Lilikuwa limezaliwa mwaka 1971 kutokana na lile gari dogo la wazi la SL, likarefushwa katikati kwa sentimita 36 ili watu wa nyuma wapate pa kuweka miguu. Lile la lita tano, lililotoka 1977, lilikuwa na injini ya silinda nane yenye nguvu farasi 240, na boneti na kifuniko cha buti vya aluminiamu ili kupunguza uzito. Hata hivyo lilibaki na kilo 1,500 na ushei. Na la kuwashangaza watu zaidi, gia zake zilijibadilisha zenyewe. Madereva wa mashindano waliozoea kupigana na kijiti cha gia walicheka, mpaka walipoona kwamba dereva asiyeshughulika na klachi kwa siku nne hubakiwa na nguvu mikononi, na kwamba injini isiyostushwa na gia mbovu huishi zaidi.

Basi lipi lilikuwa bora? Hili ni swali ambalo wapenzi wa magari wanaweza kulikalia barazani tangu magharibi hadi usiku wa manane, na kwa bahati tunao watu wawili waliolijibu kwa mikono yao. Waldegård aliendesha Porsche 1978 na Mercedes 1979. Preston Mdogo aliendesha Porsche 1978 na Mercedes 1980. Ukiyatazama matokeo, Porsche ilipata nafasi ya pili 1974 na 1978. Mercedes ilipata ya pili 1979, kwa mkono wa Mikkola, na ya tatu 1980, kwa mkono wa Preston. Wamekaribiana mno. Kwa mwendo wa ghafula, kwa kona na kwa utelezi, Porsche haikuwa na mfano. Kwa mbio ndefu zilizonyooka, pale ambapo nyika inakwenda mpaka upeo wa macho, Mercedes ilikwenda kama maji, tena bila kumchosha aliyemo. Mercedes ilistahimili kuliko ilivyotazamiwa. Mwishoni mwa 1979, katika mashindano ya Bandama huko Ivory Coast, magari hayo yalishika nafasi zote nne za mbele. Porsche ilikuwa rahisi zaidi kuitoa matopeni, kwani ni nyepesi, na watu kumi wakiisukuma hutoka. Mercedes ikizama, wataka kijiji kizima.

Kwa maoni yetu, kama ni kwenda Mombasa kwa raha na aila yako, chukua Mercedes. Kama ni kuipata Meru usiku wa mvua, chukua Porsche na dereva wake. Lakini kama ni kushinda Safari, mwaka 1979 na 1980 jawabu halikuwa hili wala lile.

Jawabu lilikuwa Datsun Violet 160J. Lilikuwa gari la familia, la mraba, la milango minne, lenye injini ya silinda nne, na sura ambayo hapana kijana angeibandika ukutani. Ndugu zake walikuwa teksi na magari ya makarani. Wajapani waliliimarisha, wakalitilia injini ya lita mbili, lakini kwa kasi halikuweza kuifikia Mercedes ya lita tano kwenye uwanda, wala kuruka kama Porsche. Na ndani yake akakaa Shekhar Mehta, na Mike Doughty ubavuni akisoma ramani.

Namna yake ya kuendesha haikupendeza kutazama, na hilo waliomwona wanalikubali. Wengine waliingia korongoni kwa kuruka, watu wakashangilia, wapiga picha wakapiga. Mehta alipunguza, akaingia, akatoka, akaenda zake. Alizipitia barabara kabla ya mashindano, akaandika wapi pana shimo, wapi pana jiwe, wapi ng'ombe huvuka asubuhi. Alijua kwamba Safari si mbio za saa moja, na kwamba dakika mbili za kasi zaweza kugharimu saa mbili za kungoja mafundi. Madereva wa Ulaya waliendesha kwa kipimo cha gari, yaani gari linaweza nini. Mehta aliendesha kwa kipimo cha barabara, kama nahodha wa Lamu ambaye haulizi jahazi lake laweza kwenda kasi gani, huuliza maji yako wapi na mwamba uko wapi.

Mwaka wa 1979 alishinda, Mikkola wa pili katika Mercedes. Mwaka wa 1980 alishinda tena, Rauno Aaltonen wa Finland wa pili katika Datsun nyingine, na Preston wa tatu katika Mercedes. Mwisho wa mwaka huo Mercedes walifunga virago, wakaacha mashindano ya namna hii. Mehta akashinda 1981, na Aaltonen tena nyuma yake. Mwaka 1982 alipambana na Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwaka huohuo alikuwa bingwa wa dunia, naye akaachwa nafasi ya pili katika Opel Ascona 400. Mara nne mfululizo, gari la namna moja, dereva mmoja. Pamoja na ule wa 1973, ushindi ukawa mitano, yote katika miaka ya ubingwa wa dunia. Waldegård, aliyekuja karibu naye zaidi, alifika minne.

Wako waliosema, na bado wako, kwamba alishinda kwa kuwa Datsun walileta mafundi wengi na vipuri vingi, na kwamba alikuwa mwenyeji akijua njia. La mafundi ni kweli, lakini Mercedes hawakuja mikono mitupu. Mafundi wao walikuwa wa Ujerumani, na magari ya vipuri yalijaa barabara. La wenyeji ni kweli pia, lakini Preston alikuwa mwenyeji kuliko yeye, amezaliwa katika mchezo huu. Sisi twaona iko sababu nyingine ambayo haiandikwi katika vitabu vya magari. Mtu aliyeona mali ya aila yake ikipotea kwa amri moja ya mtu mmoja hawezi tena kuwa mwepesi wa kuamini kwamba kilicho mkononi mwake kitabaki. Huendesha akijua kwamba gari laweza kuvunjika sasa hivi. Hii ni dhana yetu, wala yeye hakuwa mtu wa kujieleza sana. Alisifika kwa upole na adabu, na mpinzani aliyeshindwa naye hakuondoka na chuki.

Nje ya Kenya hakung'ara kwa kiasi hicho, ingawa mwaka 1981 alimaliza wa tano katika ubingwa wa dunia wa madereva. Mara nyingi mwelekezi wake katika safari za ng'ambo alikuwa mkewe, Yvonne, na hao walikuwa miongoni mwa wanandoa wachache waliokaa pamoja mchana na usiku ndani ya gari la mashindano wakibishana kuhusu kona na bado wakabaki mume na mke. Kuanzia 1983 mambo yalibadilika. Yalikuja magari ya turbo, kisha ya kusukumwa na magurudumu yote manne, na gari jepesi la familia halikuweza tena. Aliendesha Nissan 240RS, kisha Peugeot, lakini ushindi wa sita haukuja.

Mwaka wa 1987, katika mashindano ya Mafirauni huko Misri, jangwani, alipata ajali mbaya. Mtu aliyepita salama katika makorongo yote ya Afrika Mashariki kwa miaka karibu 20 alivunjwa na mchanga wa nchi nyingine. Majeraha yale hayakupona kabisa mpaka kufa kwake, na udereva wake ukakoma hapo.

Alirudi kwa mlango mwingine. Aliingia katika shirikisho la magari la dunia, FIA, na kuanzia 1997 akawa mwenyekiti wa tume ya mashindano haya. Hebu fikiri jambo hili. Mtoto wa Kihindi aliyezaliwa Uganda, aliyefukuzwa kwao, aliyepokelewa Kenya, sasa ndiye mkubwa wa mchezo ambao kwa miaka mingi Wazungu waliuona ni wao. Na papo hapo alipewa mtihani mchungu. Safari ilikuwa ikizidi kuwa tofauti na mashindano mengine: ndefu mno, ghali mno, barabara hazifungwi, fedha za kuiendesha hazipatikani. Makampuni yalitaka mashindano mafupi yanayofaa kwa televisheni. Baada ya 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia, na Mehta bado yumo katika kiti chake. Mashindano yaliyompa jina yakatolewa katika daftari alilolishika yeye. Hatuoni haki kumlaumu. Mwenyekiti wa tume hana mfuko wa serikali wala wa makampuni, na waliokuwa wakifuatilia mambo ya Kenya wakati ule wanajua kwamba ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi.

Ama yale magari mawili, yalikuwa na maisha marefu. Mercedes 450 SLC limekuwa gari la kutunzwa na wanaopenda vitu vya zamani. Porsche 911 lilirudi Kenya katika mashindano ya magari ya kale, yale yaitwayo Safari Classic, na mwaka 2011 Björn Waldegård, akiwa na umri wa miaka 68 na mwanawe Mathias akiwa mwelekezi, alishinda katika 911. Miaka 37 ilikuwa imepita tangu awe wa pili nyuma ya Joginder.

Mehta hakuuona ushindi huo wa Waldegård. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Ilikuwa Jumatano, siku nne kabla ya Pasaka.